Mbuzi wa Sadaka Aliyeficha Jina Letu

Bwana asifiwe! Aa-aa, hiyo ni sauti ya watu wamekunywa uji baridi. Bwana asifiwe! Sasa hapo. Na nyinyi wazee mnakaa karibu na mlango ndio mtoroke kabla ya matoleo, nimewaona, Bwana asifiwe na nyinyi pia!

Ndugu zangu, mimi ni Veronika Akal wa Ngaremara, pale karibu na barabara ya lami. Wengine mnanijua kwa shanga, wengine mnanijua kwa mdomo. Pasta amenipa dakika kumi. Pasta, hizo dakika shika wewe, mimi sina saa.

Mimi sikusoma. Herufi A nikikutana nayo njiani hatusalimiani. Lakini leo nitawaambia mambo ya mtandao, na nyinyi wa kaunti mnavaa kadi shingoni mtanyamaza mnisikize, kwa sababu yale Mungu alinitendea mimi kwa hiyo mtandao, haleluya, hata nyinyi na kompyuta zenu hamjaona!

Nianze mbali kidogo. Sisi kina mama wa Ngaremara tuko kumi na tisa kwa kikundi. Tunashona shanga, tunapanga kando ya barabara, tunakaa na jua. Watalii wanapita na gari wakienda kuangalia simba. Mmoja akisimama, anashika mkufu, anauliza bei, anasema, "Oo, nice, nice," halafu anarudi kwa gari na anafunga kioo. Tumekula hiyo nais miaka mingi, ndugu zangu, na haishibishi. Kile kinabaki, madalali wanachukua kwa bei ya kulia, wanaenda kuuza Nairobi wakisema wameshona wenyewe. Na vidole vyao laini kama vya mtoto mchanga!

Sasa niko na mjukuu, Nakiru. Nakiru simama watu wakuone. Ona vile anaona haya. Huyu alisoma kompyuta, anafanya kazi kwa duka ya kuchapisha makaratasi hapa mjini, anaishi mtaa wa Kiwanjani. Siku moja akakuja nyumbani anaruka kama ndama.

"Ata," akaniambia, hiyo ni nyanya kwa Kiturkana, "Ata, nimewanunulia jina!"

Nikamwambia, "Jina ya nini? Veronika nilipewa kwa ubatizo, Akal nilipewa na mama yangu, na ile ya tatu majirani wananipa nikiwa sipo."

"Si yako, Ata. Ni ya kikundi. Mtu akiandika hiyo jina kwa simu, hata akiwa Ulaya, anaona shanga zenu, anaagiza, na pesa inaingia kwa pochi ya kikundi. Hakuna dalali katikati."

Ndugu zangu, kina mama walipiga vigelegele mpaka punda wa jirani akakata kamba.

Nakiru akatueleza. Akasema kuna majina ya mtandao ya kupanga, kama nyumba: kampuni inakupatia, unalipa kila mwaka, ukikosa unatolewa nje. Lakini hii yetu si ya kupanga. Ukishanunua ni yako kabisa. Imeandikwa kwa kitabu moja kubwa, na hiyo kitabu iko kwa kompyuta nyingi dunia nzima, mtu hawezi kuichoma, karani hawezi kuhongwa aifute. Inaitwa blokicheni. Mimi nikasema hiyo inafanana na kitabu ya uzima, hata nikataka kuimba.

Halafu nikauliza swali ya mtu amefuga mbuzi maisha yake yote. "Na mwizi akikuja?"

"Hawezi, Ata. Labda apate maneno kumi na mbili ya siri. Mwenye maneno ndiye mwenye jina."

"Na akipata?"

Nakiru akaangalia viatu. "Akipata, jina ni lake."

"Twende kwa chifu."

"Chifu hawezi kufanya kitu."

"Polisi."

"Polisi wataandika kwa kitabu yao. Ile kitabu kubwa haijui polisi."

Hapo roho yangu ilikataa kidogo, nasema ukweli mbele ya Mungu. Kwetu mbuzi anakatwa sikio kwa alama ya nyumba. Mwizi ampeleke mpaka Rapsu kule mbali, amchanganye na wa watu wengine, mimi nitafika na miguu yangu mbovu, nitashika sikio, niseme, "Wazee, angalieni!" Na wazee wataangalia, na mwizi atalipa. Lakini hii jina haina sikio! Yule ameshika maneno, hata kama ameyaokota jana jioni, kitabu inamwita mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa tundu ya hiyo boma, ndugu zangu, na mimi niliiona siku ya kwanza, na bado mimi ndiye nilikuja kuipanua.

Ngoja mniskie.

Maneno yakaandikwa kwa karatasi. Kina mama wakauliza, nani ataweka? Wakasema, Akal aweke, yeye hajui kusoma, hawezi kuyasoma akiwa amelewa. Mimi silewi! Nilikunywa zamani, kabla Yesu hajanikuta. Lakini nikakubali. Nikaweka karatasi ndani ya Biblia ya marehemu mzee wangu, juu ya rafu. Na Nakiru akasema, "Ata, ushike kwa kichwa pia. Karatasi inaweza kupotea."

Sasa mtu hajasoma anashika vipi maneno kumi na mbili ya kizungu, na hajui hata moja ni nini? Nyinyi mnaandika. Sisi kwetu kitu ikiwa ya maana tunampa mnyama. Nilikuwa na mbuzi kumi na mbili wa kukamua. Nikawapa majina, kila mmoja neno lake, kwa ile mpango Nakiru alisoma, la kwanza mpaka la kumi na mbili. Na jioni wakitoka malisho, nasimama kwa mlango ya boma naita, mmoja anakuja namkamua, halafu naita mwingine. "Piano! Kuja! Zebra! Wewe Zebra, wacha kusukuma! Ketchapu! Pensil!" Kwa wiki mbili walikuwa wamejua, kila mtu na zamu yake, kuliko watu wa kwaya. Mnacheka? Mimi nilikuwa najisikia kama profesa!

Nakiru aliposikia nimeshika yote kwa mpango alinikumbatia. Nilimwambia nimeyaweka mahali salama, pale mchwa hawafiki. Hakuuliza ni wapi, na mimi sikusema. Siri ni siri.

Siri! Ndugu zangu, siri gani? Boma yangu iko karibu na lami. Kila jioni, kwa hii sauti mnasikia sasa, nilikuwa napiga kelele siri ya kikundi mpaka madereva wa lori za Moyale wanaisikia! Chumba cha kuchaji simu kiko pale, kibanda cha chai kiko pale, na mimi nasimama katikati natangaza kama redio. Neema ya Mungu ndiyo ilitufunika tu.

Biashara ikaenda vizuri. Shanga zikaenda Nairobi, zikaenda ng'ambo, hata kuna mama mmoja huko kwenye baridi alituma picha amevaa mkufu wetu juu ya sweta tatu. Watoto wakarudi shule. Mama Esinyen wa kikundi chetu akaezeka mabati, sasa mvua ikinyesha hatusikii maombi yake, asante Yesu.

Sasa sikilizeni sana hapa kwa Jumapili ya mavuno ya mwaka jana. Mimi nataka kutubu mbele yenu. Pasta alikuwa amehubiri, na mnajua sauti yake ikipanda: "Leteni kilicho bora! Usimletee Mungu mbuzi wa kukohoa!" Sasa mimi nilikuwa na dume mzee, wa kukohoa kabisa. Hata hakuwa na jina ya kizungu. Nikasema moyoni, Mungu anajua kutibu, nitampelekea huyu. Nikamfunga kamba asubuhi, tukaanza njia.

Kufika kwa lami, nasikia kwato nyuma. Nageuka, ni Velvet! Mbuzi yangu ya saba, yule wa maziwa mengi, yule mwenye shingo nyeupe, amekata kamba na ananifuata kama amealikwa. Nikamfukuza. Akarudi. Nikarusha jiwe. Akarudi. Tukaingia kanisa watatu, mimi, dume na Velvet, na Pasta akafungua mikono, "Haleluya! Mama Akal ameleta wawili!" Mbele ya watu wote! Ningesema nini? Nikasema, "Huyu mzuri ndiye wa Mungu. Huyu mwingine amekuja tu kusindikiza." Mlipiga makofi. Mimi nililia, na mkadhani ni Roho.

Velvet akapigwa mnada pale nje baada ya ibada, kama kawaida ya mavuno, na Mama Karimi wa Kiwanjani, yule wa duka ya mboga, akamnunua. Mimi nikarudi na dume yangu anakohoa njia nzima. Jioni nikaita kumi na moja. Na siku zikaenda, na mbuzi hayuko, na neno yake ikanitoka kwa ulimi. Sikujua imetoka. Unajuaje kitu imetoka kwa kichwa, na kichwa ndiyo ingekuambia?

Baada ya hapo akaja Ngaremara mtu mmoja, mimi nilimuita Bwana Miwani. Alipanga chumba karibu na kibanda cha chai, akasema anafundisha watu kutajirika kwa simu. Nguo safi, maneno tamu. "Mama zangu, karne hii hakuna maskini, kuna mtu hajapakua tu!" Jioni alikuwa anakaa kwa stuli nje, na chai yake, na kadaftari. Mimi nilidhani anaandika mistari ya Biblia. Nilimbariki!

Sasa ubaya ukakuja kwa mguu mbili. Kwanza, simu ya Nakiru, yenye ile pochi ndani, ikaanguka kwa tangi ya maji. Ikafa kabisa. Akanipigia na simu ya rafiki, "Ata, usijali, nikipata simu ingine nitaweka yale maneno kumi na mbili na kila kitu kitarudi. Karatasi iko?"

Nikasema iko. Nikafungua Biblia ya mzee. Ndugu zangu! Mchwa walikuwa wameingia kwa Zaburi na wametokea kwa Malaki, Nakiru ndiye alinisomea baadaye! Isaya yote imeliwa! Na karatasi yetu ilikuwa kwa Isaya. Nikapata kipande kama kucha ya mtoto. Nikasema, sawa, mchwa wamekula karatasi lakini hawajakula mbuzi. Nikatulia.

Mguu ya pili ilikuja jioni ya kesho yake. Nimemaliza kukamua, Bwana Miwani anakuja na tabasamu imejaa meno. "Shosho! Habari ya jioni? Mimi ni mjukuu wako tu. Napenda hao mbuzi wako, wako na majina mazuri!"

Nikasema, "Asante, na wewe jina yako ni nani? Kila mtu amesahau kukuuliza."

Akacheka pembeni. Halafu akasema, "Shosho, mbuzi wako ni kumi na moja. Wa kumi na mbili alienda wapi? Alikuwa anaitwa nani?"

Ndugu zangu, niliweka kibuyu chini. Nyinyi wafugaji mnajua kwa nini. Kwetu nani anahesabu mifugo ya mtu mwingine? Hata jirani yangu wa miaka thelathini, akitaka kujua, anauliza tu, "Wanyama wako wazima?" Kuhesabu mbuzi za mtu na kumtajia hesabu usoni, hiyo ni mwizi ama ni mchawi. Na zaidi ya hiyo, yeye alijuaje wanafaa kuwa kumi na mbili? Mbona hakusema kumi na tano? Mbona hakusema ishirini?

Nikajifanya mjinga. Hiyo naweza vizuri, nimezoea. "Aa, huyo? Tulimla Krismasi."

"Na jina yake, Shosho?"

"Tulikula na jina pia. Ilikuwa na mafuta."

Akaniangalia. Miwani ikang'aa. Halafu akasema polepole, kama mtu anajiambia mwenyewe, "Haidhuru. Nitajaribu moja moja mpaka ifunguke." Na akaenda zake, anapiga mluzi.

Nikampigia Nakiru, nikamwambia yote, mbuzi, kuita, daftari, yote. Akapiga kelele mpaka simu ikatetemeka. "Ata! Ulikuwa unaita kwa MPANGO?"

"Sasa ningeita bila mpango, ningekumbuka aje?"

"Ata, yeye ako na kumi na moja! Imebaki moja! Hiyo ya saba ni gani? Niambie haraka!"

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Nikaita Kangaruu, nikaita Tomato, nikajua alikuwa anakuja katikati yao, nikamuona na shingo yake nyeupe, nikasikia hata maziwa ikigonga kibuyu. Lakini neno? Tupu. Hewa. Ndugu zangu, nilikaa chini kwa mavi ya mbuzi nikalia. Wanawake kumi na tisa waliniamini kwa sababu sijui kusoma, na mimi nimepiga kelele siri yao barabarani, na kile kidogo nilifaa kushika, nimeangusha!

Nakiru akalia kidogo pia, halafu akarudi kuwa msomi. Akasema, "Ata, sikiza. Hiyo maneno yote yanatoka kwa orodha moja, ni elfu mbili na kidogo, kila mtu anaweza kuiona. Huyo mtu anaweza kujaribu moja moja. Lakini hajui pengo iko wapi. Hajui kama ni ya kwanza, ya nne, ya mwisho. Sisi tunajua ni ya saba. Kwa hivyo yeye ako na kazi mara kumi na mbili kuliko sisi."

"Na jina saa hii?"

Akaangalia ile kitabu kubwa, kwa sababu kuisoma mtu yeyote anasoma, kuigusa ndiyo hapana. "Bado ni letu, Ata. Saa hii."

Saa hii! Hiyo "saa hii" nilitembea nayo kama mtu amebeba yai kwa mdomo.

Nikaomba. Nikasema, Akuj, Mungu wa baba zangu na wa Pasta, mimi ni mwanamke wa mdomo. Umenipa mdomo mkubwa na kichwa kidogo, na wewe unajua. Neno iko wapi? Na hapo hapo, haleluya, nikamuona Velvet. Si neno. Mbuzi! Nikasikia moyoni: wewe umesahau, yeye je?

Haya! Nani anasahau jina yake mwenyewe?

Asubuhi mapema nilikuwa juu ya bodaboda, nguo inapepea, Kiwanjani moja kwa moja. Nakiru akanikuta kwa mlango ya Mama Karimi na simu mpya, bado na ile karatasi laini kwa kioo. Mama Karimi anatoka, anafuta mikono, na mnajua vile anaongea kama anakimbiza kuku: "Ii, karibuni, karibuni, mbuzi iko, lakini niwaambie, hiyo mbuzi iko na kiburi! Mwaka mzima namuita Makena, hageuki! Makena! Unaona? Makena! Hageuki!"

Nikamwambia, "Mama Karimi, hawezi kugeuka. Huyo Makena hamjui."

Nakiru alikuwa amejifunza sasa. Akafunga lango. Akasema, "Mama Karimi, tafadhali weka redio juu sana, halafu ukae ndani." Mama Karimi akasema, "Ii, kwani mnataka kumloga?" Lakini akaweka. Kwaya ikapiga mpaka mabati ikatetemeka.

Basi, ndugu zangu, muone hiyo picha. Mimi nimechuchumaa mbele ya mbuzi na kibuyu. Nakiru nyuma yangu na orodha ya maneno elfu mbili, kwa sababu kumuuliza mbuzi ni haraka kuliko kujaribu kila moja kwa simu. Ananinong'oneza kwa sikio, mimi naita kwa ile sauti ya boma lakini chini chini. Moja. Velvet anatafuna. Ya pili. Anatafuna. Ya mia. Anatafuna, ananiangalia kama hakimu. Kila neno likipita nawaza, Bwana Miwani naye anajaribu saa hii, kwa kile chumba chake, na chai yake.

Tukafika kwa banana, mbuzi akageuka! Nikaruka! Nakiru akaanza kuandika. Lakini mimi nimechunga mbuzi, siwezi kudanganywa na shingo. Nikaangalia nyuma, kumbe Mama Karimi amechungulia mlangoni anamenya ndizi! Nikamwambia, "Mama, rudi ndani na hiyo ndizi yako kabla niharibikiwe na wokovu!" Tukaita banana tena bila ndizi. Hakuna. Tukaendelea.

Jua likapanda. Sauti yangu ikaisha, ikabaki kama ya mlango mbovu. Simu ikaanza kulia kwamba chaji yake inaisha. Nakiru anasema, "Ata, tupumzike?" Nikasema, "Mwizi anapumzika?" Tukapita nyuma ya mti wa mchongoma kwa kivuli, na mbuzi, na kazi ikaendelea. Maneno ya M, maneno ya P, maneno ya S hayaishi, wazungu wanapenda S kama nini! Nikaanza kushuku. Nikasema moyoni, labda hata yeye amesahau. Labda mbuzi wa sadaka hana deni na mimi tena.

Halafu Nakiru akanong'ona neno, na mimi nikaliita, nimechoka, sikuweka hata nguvu.

"Velvet."

Ndugu zangu! Taya ikasimama! Masikio yote mawili, pap! Akatema kile alikuwa anatafuna. Akaja, akapita mbele yangu, akageuza mgongo, akaweka ubavu wa kushoto kwa goti langu na akainua mguu kidogo, vile tu alikuwa anasimama kwa boma yangu kila jioni akingoja nimkamue! Mwaka mzima! Hakusahau!

Nilitaka kupiga haleluya ya kufika Meru. Nakiru akaniziba mdomo na mkono mzima. "Ata, kimya! Kimya!" Mimi nikapiga haleluya ndani ya mkono wake. Machozi ikapita katikati ya vidole.

Akaandika kumi na mbili, kwa mpango. Kile kiduara cha simu kikazunguka. Kikazunguka. Mtandao wa Kiwanjani mnaujua! Kikazunguka mpaka nikataka kukipiga. Halafu pochi ikafunguka, na pesa yetu ndani, na jina letu limekaa pale kama bibi harusi anangoja gari.

Nakiru hakungoja. Akasema, "Hii nyumba imeshajulikana, tunahama." Akatengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, akahamisha jina na pesa yote, na kina mama wakawa salama. Akaangalia kwa kitabu kubwa: jina limehama. Yale maneno ya zamani sasa ni ufunguo wa nyumba tupu. Ndiyo maana leo nayataja hapa kwa madhabahu bila woga.

Mnataka kujua ya Bwana Miwani? Jioni hiyo nilirudi nyumbani. Alikuwa kwa stuli yake, macho mekundu, daftari imejaa. Nikasimama kwa mlango ya boma, nikavuta pumzi, nikaita mbuzi wangu kwa mpango, na nilipofika katikati nikaita, "Velvet! Velveeeet! Kuja, mama!" Na Velvet hata hayuko Ngaremara!

Alimwaga chai. Akaingia chumbani mbio, akafunga mlango. Mimi nikakamua polepole. Nimefika mbuzi ya tisa, akatoka, uso kama mtu amefungua sufuria ya pilau akakuta maji. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, imefunguka?" Kesho yake chumba kilikuwa wazi. Namwombea. Kichwa kama ile ikiokoka, ah, tungekuwa na mhasibu wa kanisa!

Sasa ndugu zangu, nimeona saa ya Pasta imechoka, nimalizie. Nilipeleka shukrani kwa Mama Karimi, na akaniambia, "Mama Akal, mchukue tu, hii mbuzi ni yako, imesema yenyewe." Nilimshika shingo nyeupe na nilimtaka, siwafichi. Nikakataa. Kwa sababu nilikaa nikafikiria. Ile Jumapili, kama Mungu angenikubalia yule dume wa kukohoa, Velvet angebaki boma yangu. Ningemuita kila jioni. Bwana Miwani angeandika kumi na mbili kwa daftari siku ya kwanza, bila jasho, na jina letu lingelala kwake. Kile nilinyimwa kuficha ndicho Mungu alituficha nacho! Nilitaka kumwibia sadaka, na yeye akatumia sadaka kumnyima mwizi. Nani ni kama yeye? Nani?

Kwa hivyo wewe umekaa hapo, umeshika kitu yako nzuri na umemletea Mungu ile ya kukohoa, mletee ile nzuri. Mwamini. Anajua kuweka vitu kuliko rafu na kuliko Biblia iliyoliwa. Na kama uko na siri ya mtandao, usiipigie kelele kwa lami, hata kwa mbuzi.

Maneno mapya? Nani ameuliza hapo nyuma? Nakiru na kina mama wawili wanajua, kila mmoja sehemu yake, na mimi hawakuniambia hata moja. Wamenipa kazi ya kuomba tu. Na hiyo, ndugu zangu, nitaifanya kwa sauti kubwa, na barabara nzima isikie.

Mungu awabariki. Mama Karimi, msalimie Makena. Mwite kwa jina lake.